Mgeni wa Kiwanda Ametema Kahawa Yangu

Leo mgeni ametema kahawa nyumbani kwangu. Mbele yangu, bibi mzima!

Ni yule bwana wa kiwanda cha dawa ya kunyunyizia mibuni. Kiwanda hicho ndicho kilichofukia mapipa ya dawa kwenye mteremko ulio juu ya kisima chetu hapa Nyaishozi, na sasa maji yananuka dawa.

Amekuja kutuambia maji ni salama, kiwanda hakina kosa.
Na nyie wanaume wa kijiji mkaitikia, "Ndiyo, bwana." Aibu yenu!

Mimi nikamkaribisha kama mgeni yeyote, nikampa kahawa za kutafuna, zile buni tunazochemsha na kukausha kwa ajili ya wageni.
Akatafuna. Akasifu.
"Bibi, umezichemsha na nini, mbona tamu hivi?"
"Na majani yetu ya shambani, mwanangu, na maji ya kisimani."

Puu! Zote kwenye leso.

Nikamwuliza, "Si umesema ni salama?"
Akatazama saa, akapanda gari. Hata kwaheri hakuna.

Nikajiona nimemshinda. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jioni mtungi ukawa mtupu. Nikachukua ndoo, nikashuka kisimani pale pale.

Haya, nyie mnaojua kusema, niambieni: mwenzenu nikateke wapi?