Babu Akaita Ng'ombe Chemchemini

Juzi, hapa Nairobi, nilimwona mchungaji akiwapigia ng'ombe wake mluzi wanywe maji ya mtaroni. Mluzi ule niliujua.

Nilikuwa mdogo, tumeenda likizo kwa Babu, Isiolo. Boma lake lilikuwa tupu, linanuka vumbi na mavi makavu, nami nilidhani ng'ombe wako malishoni. Baba aliazima Land Rover akatupeleka sote kwenye chemchemi za mbugani, tukaone wanyama.

Maji yalikuwa maangavu, yananuka majani mabichi. Babu alivua viatu, akaingia hadi magotini, akapiga mluzi mrefu. Kisha akaanza kuita: "Dimtu! Gurati! Njooni mnywe!"

Nilidhani anawaita pundamilia ili niwaone vizuri. "Wanakuja, Babu?"

"Ita na wewe," akasema. "Sauti yangu imekauka."

Nikaita kwa nguvu zangu zote. Pundamilia mmoja aliinua kichwa, akatimua mbio. Shangazi Halima alijifunika uso kwa mtandio. Baba, aliyewachunga Dimtu na Gurati tangu wakiwa ndama, alinishika bega, nikajua ataninyamazisha. Aliniacha niendelee kuita.

Sasa najua ukame haukumwachia Babu ng'ombe hata mmoja. Siku ile nilichoka tu kuita, nikamuuliza Babu kama wanyama wake ni viziwi.

"Hapana," akajibu, akiyatazama maji. "Hao walikuwa wakinisikia hata nikinong'ona."