Blanketi la Pili

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: ile mume wangu Oskari alipoingia nyumbani na blanketi jipya. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka kutibiwa Dar es Salaam, titi la kushoto limeondolewa, nywele ndiyo kwanza zinachipua. Unaijua baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba, haina adabu. Nilikuwa nimehamia jikoni, nalala karibu na mafiga, na kila aliyeuliza nilimjibu nafuata moto. Uongo mtupu. Nilikuwa namkimbia mume wangu asinione kifua.

Oskari alinifuata jikoni. Aliliweka lile blanketi juu ya mkeka wangu, akatoka kwenda kufungulia ng'ombe. Nililia mpaka kichwa kikauma. Mwanamume akimnunulia mkewe blanketi la peke yake, niliwaza, amekwisha kumwacha.

Tukaishi hivyo mpaka mvua za kwanza. Shambani tulilima matuta pamoja, kanisani tulikwenda pamoja, kukiingia giza kila mtu na lake. Watu wakatusifu kwa utulivu wetu. Ya ndani wangeyajulia wapi?

Ndipo akaja shangazi yangu Yustina, dada yake baba, kutoka Mwimbi. Ulimi wake ulikuwa haumwogopi mtu. Alinikuta naanika mablanketi mawili kwenye kamba, akayatazama, akanitazama mimi. Alimwita Oskari, akatukalisha jikoni. Fikiria, mwanangu, mwanamume anakalishwa na mkwe wake aulizwe habari za kitandani! Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, umemchoka huyu?"

Oskari aliinama. "Hapana, shangazi. Naogopa kumuumiza. Nilipoona amehama nikajua hanitaki tena. Nikasema basi, angalau asife kwa baridi."

Hapo nami nikayatoa niliyomficha hata daktari. Kwamba kabla sijahama tulijaribu mara moja, uke ulikuwa mkavu, nikaumia sana, nikaamini uanamke wangu umekwisha.

"Mficha uchi hazai," shangazi akasema. "Kesho mnakwenda hospitali, wawili. Na mkirudi hamjauliza, mtanitambua."

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mama mtu mzima, hakucheka wala hakushangaa. Alitueleza kuwa matibabu ya saratani huweza kukausha uke na kupunguza hamu, kuwa saratani ya titi haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na kuwa vipo vilainishi vyenye maji vya kupaka vinavyosaidia. Alinikataza kuingiza mitishamba ukeni, na kutumia dawa yoyote ya homoni, hata ya uzazi wa mpango, kabla ya kumwuliza daktari wa saratani. Aliyeuliza maswali mengi ni Oskari. Mimi niliangalia vidole vyangu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Nilirudi chumbani nikiwa na fulana, na fulana hiyo ilichukua muda kutoka. Ilipotoka, Oskari aliweka kiganja juu ya kovu, akauliza kama panauma. Hapakuuma. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa nimesikia nawe, tangu urudi kutibiwa titi, umehamia kulala chumbani kwa watoto. Mama yako ndiye aliyeniambia, usimkasirikie. Nakuusia, mwanangu, usimjibie mumeo moyoni mwako, mwulize mwenyewe. Mwambie panapouma na pasipouma. Nendeni hospitali pamoja mkaulize, maana muuguzi hawezi kutibu usichomwambia. Kama hamu haijarudi, hujakosa kitu: usijilazimishe, na yeye asikulazimishe. Kushikana mikono nako ni ndoa. Na likikuzidi moyoni, usikae nalo peke yako, njoo kwangu hata bila hodi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kimoja kikikaa pembeni kinatoa moshi tu.

Lile blanketi la pili tulilitandika juu ya lile la kwanza, na chini ya yote mawili tulilala mimi na Oskari mpaka Mungu alipomchukua. Ndilo hili nililokuletea. Litandikeni juu ya lenu.

Mungu akupe afya, mwanangu, akuondolee kuuonea haya mwili wako mwenyewe, na kitanda chenu kisiingie baridi.