Niliwekewa nyaya kwenye ubongo nikajua nimeukata kwa akili. Yaliyonikuta Minnesota

Wakuu, salamu kwenu wote, mlioko nyumbani na mliozama kwenye theluji.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini aje Coon Rapids nimwonyeshe kovu.

Naona humu mnashangilia vifaa vya kupachikwa kwenye ubongo ili mtu akumbuke na asome haraka. Ngoja niwape upande wa pili.

Naishi na mke wangu Rehema na binti yetu Tumaini. Nina kifafa. Sio kile cha kuanguka. Mimi naganda tu kama simu mbovu, nikirudi sijui mlikuwa mnaongelea nini.

Kwa hiyo nikazuiwa kuendesha gari. Na huku bila gari wewe ni mzigo. Kazi yangu ilikuwa Eden Prairie, kutoka nyumbani hadi huko unavuka mji mzima! Rehema ananipeleka kabla ya shift yake, jioni naomba lifti kwa watu hadi naona aibu.

Dawa zikagoma. Daktari mmoja Minneapolis akasema wataniingizia nyaya nyembamba ndani ya ubongo kwa muda, wajue kifafa kinaanzia wapi, kisha waone kama wanaweza kupaondoa.

Nikakubali. Nikalazwa, kichwa bendeji tupu.

Hapo ndipo akaja mtafiti mmoja, kijana mpole. Akasema kwa kuwa nyaya zipo tayari, nikiridhia watapitisha umeme kidogo sana, waangalie kama kumbukumbu itaongezeka. Akarudia kwamba haahidi chochote.

Wakuu, sikio langu lilisikia "kumbukumbu itaongezeka" likafunga duka.

Nilikuwa nimefeli mtihani wa mambo ya kompyuta kazini. Nikajiona tayari bosi, nina parking yangu mwenyewe.

Habari zikafika kanisani. Mama Furaha, Mkongo tunayesali naye, akampigia Rehema: "Mama Tumaini, ni vrai banamutia ordinateur mu kichwa?" Yaani eti ni kweli wananitia kompyuta kichwani.

Rafiki yangu Otieno, Mkenya aliyekuwa anasomea unesi, akaja mbio wodini. "Buda, hiyo kitu nai-need kabla ya exam. Waulize kama wako na ingine."

(Hakuuliza naendeleaje. Tuliachie hapo.)

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi. Laptop inaonyesha maneno ya Kiingereza moja moja, baadaye unayataja. Umeme huusikii kabisa. Siku ya kwanza nilitaja mengi kuliko nilivyotegemea. Nikavimba kichwa, na kilikuwa kimevimba tayari.

Siku iliyofuata mambo yakageuka.

Rehema alikuja tena mchana, akakaa pembeni ya kitanda. "Baba Tumaini, umeyafikiria aliyosema daktari kuhusu upasuaji?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikasema, "Kitunguu."

"Nini?"

"Ndoo. Ngazi."

Yaani yale maneno ya laptop yalikuwa yameganda kichwani, tena yameanza kujitafsiri! Rehema alicheka hadi akashika ukuta. Na mimi nikacheka.

Kisha nikamuuliza, "Daktari gani lakini?"

Akanishika mkono. "Mume wangu, alikuwa hapa asubuhi. Nilikuwepo. Ulikuwa unamjibu vizuri tu."

Wakuu, asubuhi nzima haikuwepo. Nilitafuta, nikakuta peupe.

Yule mtafiti alipoambiwa alizima mashine palepale. Hakunificha. Alisema umeme uleule humsaidia mmoja ukamvuruga mwingine, hata mtu yuleyule leo na kesho hafanani. Huenda ni umeme, huenda ni kifafa chenyewe. Hakuna aliyejua.

Haikuishia hapo. Nikapata homa, kidonda kikaingia bakteria. Nyaya zote zikatolewa kabla hawajapata walichokuwa wanakitafuta. Upasuaji ukafutwa. Nikarudi nyumbani na kipara, antibiotiki, na akili zangu zilezile.

Mtihani? Nilifeli tena, nikaachana nao.

Baadaye dawa mpya ikanikubali, Mungu mkubwa, na sasa naendesha. Mradi wa utafiti ulikwisha, mashine wakaondoka nazo.

Funzo langu: sipingi sayansi, bila hiyo nisingekuwa hapa naandika. Ila kitu kinachotoboa fuvu sio app, kwamba ukichoka una-delete. Ukiwa mzima wa afya na shida yako ni mtihani tu, soma. Uliza pia kitu kikiharibika ndani, au kampuni ikifunga, nani atakuja kukitoa.

Na kuna jambo ambalo Rehema aliniambia wiki nyingi baadaye.

Asubuhi ile iliyopotea, Tumaini aliletwa kuniona kabla ya shule. Huyu mtoto tangu aanze shule ya huku, ukimwongelesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Aliponiona na zile nyaya, akanilalia kifuani akasema, "Baba, usiniache, nakupenda."

Kiswahili. Chote. Inasemekana nilimjibu.

Nimemwomba arudie. Anasema, "Dad, stop, that's embarrassing."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wewe ungekubali wakupachike? Na mnaolea watoto majuu, mnafanyaje waongee Kiswahili? Mbinu yoyote nipeni, ila isiwe ya kulazwa.