Mlango Huu Ufute Tu

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mviringo, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Mtu akileta gari kwenye banda lake akijisifu kwamba linang'aa, fundi huyu huliingiza kivulini, huwasha taa yake kali, huisogeza karibu na boneti na kusema, "Tazama." Hapo mwenye gari huona kitu ambacho angeishi kwa raha zake bila kukiona: mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imejipanga kuizunguka taa kama utando wa buibui. "Miviringo hii yote," husema fundi kwa huzuni ya kweli, "ni ya matambara machafu na sabuni ya kufulia nguo." Wengine huliacha gari pale pale lipigwe mashine ya polishi. Wengine humnunia wiki nzima.

Kazi anaijua, hilo hakuna anayebisha. Tatizo lake liko mdomoni. Mviringo hawezi kumuuliza swali mtu anayemheshimu, na anayemheshimu kuliko wote duniani ni mama mkwe wake. Tangu aoe, karibu kila alichomwambia mama yule ni "sawa, mama." Akiambiwa kaa, sawa, mama. Akiongezewa chakula hali ameshiba mpaka anahema, sawa, mama. Siku moja aliulizwa kama angependa kukaa kwenye kochi au kwenye kiti cha dirishani, akajibu sawa, mama, akabaki amesimama. Mkewe alitoka nje kwenda kucheka.

Baba mkwe alifariki mwaka jana, akaacha gari dogo la zamani, la rangi ya buluu iliyokolea. Ikaamuliwa alichukue mwanawe wa kwanza, kaka yake mke wa Mviringo, anayefanya kazi mji mwingine. Huyo naye hana maneno mengi. Alipiga simu akasema, "Shemeji, lipige mashine gari zima. Lisibaki hata doa. Jumamosi mchana nakuja kulichukua."

Mviringo akaenda kulifuata. Mama mkwe alimkabidhi ufunguo, wakalizunguka gari pamoja, yeye mbele na mkwe nyuma, mikono mgongoni. Walipofika kwenye mlango wa dereva mama akasimama. Akanyoosha mkono kama anayetaka kuugusa, akaurudisha.

"Huku kwingine kote piga hiyo mashine yako, baba," alisema. "Mlango huu ufute tu."

"Sawa, mama."

Alikuwa amekwisha kukata kona ya kwanza neno lilipomgeuka kichwani. Ufute tu. Ufute vipi? Ufute kwa kitambaa, vumbi litoke, basi, mashine isiuguse? Au mama alimaanisha kilicho kwenye mlango ule kifutwe, kisionekane tena? Akapunguza mwendo. Akafikiria kugeuza gari akamuulize, akajiona amesimama pale mlangoni kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Akaongeza mwendo.

Bandani aliliosha gari, akalikausha, akauwashia taa mlango wa dereva. Ndipo akaona kilicho pale. Kulizunguka tundu la ufunguo palikuwa na mikwaruzo mingi iliyotawanyika kama nyuzi za ufagio. Akaielewa mara moja. Miaka yake ya mwisho baba mkwe alikuwa akitetemeka mikono. Kila alipotaka kufungua gari, ufunguo ulilipapasa tundu juu, chini, kando, mpaka ulipolipata. Mviringo aliwahi kumwona. Alikwenda mbio kumsaidia, mzee akamwambia, "Niache, tundu nimeliona. Ni ufunguo ndio haujaliona." Mama alikuwa dirishani siku ile, akiwatazama wote wawili.

Kichwa kikamzunguka kuliko mashine. Labda mama amechoka kuuona ugonjwa wa mumewe kila anapopita uani, na anataka alama zile zifutike. Ni haki yake. Au labda ndicho kitu pekee ambacho mkono wa mzee umeandika na bado kipo, na anataka kifutwe vumbi tu. Ni haki yake pia. Akichagua upande mmoja anaona mama analia. Akichagua wa pili, mama analia vile vile.

Na si kazi ya kusema nikikosea nitarudia. Wasioijua hudhani mashine huuziba mkwaruzo. Mkwaruzo ni shimo. Ili usionekane, inabidi rangi yote inayouzunguka iliwe kidogo kidogo mpaka ilingane na chini ya shimo. Rangi ikishaliwa imeliwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na rangi ni hivyo hivyo.

Akampigia simu mkewe kazini.

"Mama akisema futa, huwa ana maana gani?"

"Inategemea anafuta nini. Akifuta meza, anafuta kwa kitambaa. Akifuta namba ya mtu kwenye simu, huyo mtu ndio basi tena."

"Na mlango wa gari?"

"Sijawahi kumwona akifuta mlango wa gari. Si umuulize?"

"Muulize wewe."

"Nimuulize mimi kwani mimi ndiye fundi? Mume wangu, mama yangu haumi." Akakata simu, maana alikuwa na wateja.

Kuuliza si ujinga, kila mtu anasema hivyo, lakini wanaosema hawana mama mkwe kama huyu. Mviringo akatia ulimi puani akashika kazi. Alipiga boneti, akapiga paa, akapiga mabawa ya juu ya magurudumu na milango mingine yote. Buluu ile ikafufuka mpaka ukaweza kunyolea ndevu humo. Mlango wa dereva akaufunika kwa shuka kuukuu, asiuone. Kila alipopita alijikuta anaangalia shuka.

Jumamosi asubuhi shuka likatoka, maana shemeji alikuwa njiani. Hapo ndipo mazoea yalipomponza. Mviringo hajawahi kuanza sehemu yoyote bila kupima. Huchukua kanda ya karatasi, akaibandika katikati ya sehemu, kisha akajaribu dawa laini upande mmoja ili alinganishe na upande wa pili. Mkono wake unafanya hivyo kama mkono wako unavyofunga vifungo vya shati. Akabandika kanda, ikapita katikati ya tundu la ufunguo. Akatia dawa kwenye sponji. Akawasha. Na muda wote alikuwa akijibishana na nafsi yake: kitambaa au mashine, kitambaa au mashine.

Alipozima na kufuta dawa, akaona alichofanya. Mikwaruzo ile haikuwa na kina hata kidogo. Mkono uliokuwa ukiichora haukuwa na nguvu. Dawa laini, ile ambayo kwa magari mengine hufanya kazi ya utangulizi tu, ilikuwa imeimaliza yote ya upande wa kulia. Huku kioo, kule nyuzi za ufagio, na kanda katikati.

Aliogopa, tena aliogopa kweli. Akiendelea, amefuta. Akiacha, ameacha nusu, jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alikuwa bado ameshika mashine iliyozimwa aliposikia hatua nyuma yake, na hatua hizo hazikuwa za shemeji.

Mama mkwe aliingia bandani bila haraka. Hakutazama boneti wala paa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akabandua kanda kwa kucha, akapitisha kidole kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, polepole. Kidole kilipofika kwenye mikwaruzo kikasimama.

"Huku," akasema, akiuonyesha upande unaong'aa, "ni kama hakuwahi kuwepo."

Mviringo alitafuta "sawa, mama," hata yeye akaona haifai.

"Mama, nisamehe. Uliposema ufute tu, ulitaka nifute au nifute?"

Akajisikia alivyosema, akatamani ardhi ipasuke. Lakini mama mkwe alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani, huku macho yamejaa maji.

"Unaniuliza leo?"

"Niliogopa, mama."

"Miaka yote hii." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikujua mwenyewe, baba. Nilisimama pale uani nikaona nikisema acha, ntakuwa nauangalia ugonjwa mpaka nife. Nikisema toa, ntakuwa nimemtoa mimi. Nikasema hilo neno lililonijia. Nikajua utaniuliza, 'kwa nini mama, pana nini hapo,' na mimi nitasema, na nikisema nitajua ninachotaka. Wewe ukasema sawa, ukaondoka na gari."

Mviringo akainamisha kichwa. Akavuta kiti chake cha kazini, akakifuta, akamsogezea. Mama akakaa akiwa ameukabili mlango.

"Nilikuwa namsikia kutoka jikoni," alisema. "Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ikinyamaza najua amefungua. Siku moja iliendelea, ikaendelea. Sikwenda. Nilijua hataki. Nikakoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu. Hiyo nusu iliyobaki, ifute tu."

"Sawa, ma..." Mviringo akajiuma ulimi. "Kwa kitambaa, mama, au kwa mashine?"

"Kwa kitambaa."

Akachukua kitambaa kipya, kile laini kabisa, akakunjua, akapangusa pale taratibu. Vumbi la dawa likatoka. Mikwaruzo ikabaki.

"Na shemeji, mama? Alisema lisibaki hata doa. Anakuja mchana."

"Hachukui. Hili litarudi uani kwangu."

"Nitamwambia nini?"

Mama mkwe akafikiri. "Mwambie halijakauka."

"Mama, polishi si rangi. Haina kukauka."

"Yeye analijua hilo?"

Mviringo akamkumbuka shemeji yake, ambaye huosha gari lake kwa sabuni ya kufulia nguo.

"Halijui."

"Basi sawa, baba," akasema mama mkwe, akauchukua ufunguo mezani.

Alipoupeleka kwenye tundu haukuingia mara ya kwanza. Mviringo akapiga hatua kwenda kumsaidia, kisha akasimama.

"Nikusaidie, mama?"

"Niache," akasema. "Nasikiliza."