Chumba Juu ya Duka la Mikate

Nina gesti Ruangwa, si mbali na stendi ya mabasi. Kama umewahi kulala kwangu utakuwa unanikumbuka, kwa sababu asubuhi ulipokuwa unaondoka nilikuuliza kama umelala vizuri, na nikasimama pale mpaka ukajibu. Sijisifu. Haya basi, najisifu kidogo. Gesti ile nimeijenga mwenyewe kwa korosho za shamba langu la Lionja, chumba baada ya chumba, baada ya mume wangu kutangulia. Mashuka yangu yanafuliwa kila mgeni akitoka na yanaanikwa uani, mtu yeyote apitaye anayaona. Godoro likianza kubonyea katikati nalitoa. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kutoka Italia akaniambia, "Mama, usihangaike na mambo ya kulala, huku tutakuchagulia hoteli," nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Mimi nichaguliwe pa kulala?

Binti yangu ni mmoja tu. Ni nesi, na anaishi katika mji mdogo kando ya ziwa, kaskazini mwa Italia, mji ambao jina lake ulimi wangu unalikataa hadi leo. Ameolewa na Mtaliano, fundi seremala, mtu mrefu mpole. Ndoa ilifungwa huku kwetu, Nachingwea, na watu walikula wakashiba. Sasa alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza na siku zinakaribia. Mama wa yule mkwe wangu alishafariki. Kule hapakuwa na mwanamke wa kumkanda mwanangu kwa maji ya moto, wala wa kumpikia uji, wala wa kumpokea mtoto ili yeye afumbe macho kidogo. Kwetu binti akijifungua mara ya kwanza mama yake yupo, tangu siku ile mpaka arobaini. Asiyekuwepo awe kaburini.

Lazima niende, hilo halikuwa na mjadala. Ugumu ulikuwa nitalala wapi. Katika ukoo wetu mama halali nyumba ya mume wa binti yake. Hatumii naye bafu moja, hapiti anapolala, hakai akamwangalia usoni anapokula. Hakuna uadui hapo, ni heshima, tena heshima nzito. Mkwe mwenyewe alipokuja kuoa nilimweka gesti, chumba cha mwisho chenye dirisha la uani, kizuri kuliko vyote, ingawa nyumbani kwangu vyumba vipo. Hakuuliza kitu. Nami sikueleza, nikajua mtu mzima anaelewa.

Nilikwenda Lionja kumwona kaka yangu mkubwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, na huyu kaka yangu neno lake halina kona. Nilimkuta anapepeta ufuta kwenye turubai, hata hakusimama. Nikamweleza.

"Nenda ukamkande mtoto wetu," akasema. "Lakini ukilala kwa mkwe, ukirudi usipite hapa kuniamkia."

"Na mtoto akilia alfajiri nami niko hotelini?"

"Tafuta hoteli ya karibu. Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Alinikera, sitaki kuficha. Kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa nakubaliana naye.

Basi tukaanza kutafuta. Watu wa viza nao walitaka kujua nitafikia wapi, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuchezea. Kila jioni nilikaa mapokezi pale gesti, miwani puani, binti ananitumia picha. Ya kwanza ilikuwa hoteli pembeni kabisa mwa ziwa, ina baraza zenye maua mekundu. Picha nyingi, zote za ziwa. Ziwa asubuhi, ziwa jioni, ziwa na boti.

"Kitanda kiko wapi?" nikauliza.

"Mama, angalia ziwa lilivyo zuri."

"Silali ziwani mimi."

Mwenye chumba kizuri anakuonyesha chumba. Anayekuonyesha dirisha ana jambo na godoro. Na hoteli yenyewe ilikuwa ng'ambo, mpaka upande boti ndipo ufike kwa mwanangu. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa kubwa, juu mlimani, ina bwawa la kuogelea na lango kama la ikulu. Nyumba njema si mlango. Nikauliza kutoka pale mpaka kwenye nyumba yao ni mwendo gani, akasema kuna basi. Mtoto mchanga hasubiri basi, nikaifuta nayo.

Ya tatu ilikuwa chumba kimoja tu, juu ya duka la mikate, mtaa uleule anaokaa binti yangu. Mwenyewe ni bibi mmoja mjane. Picha yake mbaya, giza, imepinda, inaonekana bibi kaipiga mwenyewe. Lakini kwenye dirisha la nyuma niliona kamba, na kwenye kamba mashuka meupe yameanikwa hadharani. Moyo wangu ukatulia.

"Hapo," nikamwambia. "Ila picha siiamini. Aende mtu."

Binti mwenyewe kupanda ngazi hawezi tena, miguu imevimba. Akamtuma mumewe. Ndivyo ilivyotokea kwamba mkwe wangu, mwanaume ambaye nilikuwa nazungumza naye salamu tu, akawa anazunguka na simu chumba cha watu, mimi Ruangwa natoa amri, binti yangu kwenye kochi lake kule anatafsiri, sote watatu kwenye simu moja ya video.

"Shikamoo, mama," akasema. Hilo alijifunza Nachingwea, na hakosei kamwe.

"Marahaba. Mwambie afungue bomba. Aliache kidogo. Sasa la moto." Akafungua. "Mwambie anyanyue shuka, nione pembe ya godoro." Akanyanyua. "Abonyeze katikati kwa ngumi. Si kwa kidole, kwa ngumi." Akabonyeza. Godoro likarudi juu lenyewe. Aliangalia na nyuma ya mlango, akatikisa kitasa, akavuta droo akautazama ubao wake kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Nikajikuta nampenda yule kijana. Wapo watu wazima niliowaajiri hapa gesti ambao hawajawahi kukagua chumba namna ile.

Alipomaliza akakaa pembeni ya kitanda. Akasema maneno taratibu, kwa lugha yao, na uso haukuwa na furaha.

"Kasema nini?"

"Anasema chumba ni kizuri, Mama."

"Maneno yote yale ni chumba kizuri?"

Akavuta pumzi. "Anauliza ni kosa gani ametufanyia. Alikuwa amekuandalia chumba hapa nyumbani. Kitanda chako amekichonga mwenyewe, kakimaliza mwezi uliopita. Anauliza kwa nini hutaki kulala kwake."

Jamani. "Hujamwambia?"

"Nilimwambia unapenda hoteli."

"Mimi? Napenda hoteli?"

"Niliona haya, Mama. Nitaanzia wapi? Huku watu wanalala na wakwe zao miaka na miaka. Ataona tumetoka porini."

Hapo damu ikanipanda. Nilimsomesha, nikamvusha bahari, leo ananiambia porini. Nikamwambia mwacha mila ni mtumwa, na kwamba mimi utumwa sikumsomeshea. Nikamwambia kwamba heshima ninayompa mume wake, wengi wangeilipia. "Mweleze sasa hivi," nikasema, "nikiwa hapa hapa nasikia. Mweleze yote, na bafu."

Akaeleza. Aliongea kirefu, mara sauti inakatika, mara anaendelea. Sikuelewa neno, lakini nilikuwa naangalia uso wa mkwe wangu kwa pembe ya jicho, kama inavyoruhusiwa. Aliuliza kitu kimoja, kifupi, nikasikia jina la Ruangwa ndani yake.

"Anauliza, ndiyo maana ulimweka gesti?"

"Ndiyo maana. Chumba kizuri kuliko vyote."

Alipotafsiriwa alijifunika uso kwa kiganja akacheka, halafu akajipangusa macho. Binti akaniambia: siku zote zile, tangu ndoa, mume wake alidhani sikumpenda. Alidhani nilimtoa nyumbani kwangu.

Mkwe wangu aliinuka, akazunguka tena kile chumba, akabonyeza godoro kwa ngumi bila kuambiwa. Kisha akasema, na binti akatafsiri huku analia waziwazi: "Basi chumba hiki nitalala mimi. Mama alale nyumbani na ninyi. Kitanda kipo."

Sikumkubalia palepale. Mimi si mwenye neno. Nilimpigia kaka, nikamweleza kwamba mkwe anataka kutupisha nyumba mpaka arobaini ipite.

"Nguo zake zitabaki wapi?" akauliza.

"Sijui, kaka. Kabatini."

"Nyumba yenye viatu vya mwanaume mlangoni ni ya mwanaume. Atoke na viatu. Atoke na nguo na wembe wa kunyolea. Akishatoka hivyo, nyumba ni ya mwanetu, na mama halali kwa mkwe, analala kwa binti yake. Na akitaka kuingia, apige hodi."

"Si nyumba yake, kaka?"

"Zamani hapa mwanaume akioa alikuja kwetu na panga lake na mkeka, akajenga kibanda pembeni, akangoja aonekane tabia. Huyu kachelewa kidogo tu. Mwambie karibu."

Alisema hivyo kaka yangu, ambaye sijamsikia akimkaribisha mtu bila kumlalamikia kwanza. Ujumbe ukaenda. Kesho yake binti akanitumia picha: koridoni mwao sanduku moja, juu yake jozi za viatu zimefungwa kwa kamba, na mswaki.

Nilifika binti akiwa bado hajajifungua, nikawa naye. Mjukuu ni msichana, ana masikio ya kwetu. Sitasimulia mambo ya kule ndani, ni ya wanawake. Nitasema tu kwamba mwanangu nilimkanda kwa maji ya moto, uji wa mtama nilimpikia kwa unga niliobeba kutoka Ruangwa, na usiku nililala kwenye kitanda cha mbao nyepesi zisizo na msumari hata mmoja, ambacho hakilii ukigeuka. Nimelala vitanda vingi kwa ajili ya kazi yangu. Kile sijaona mwenziwe.

Asubuhi ya kwanza baada ya mtoto kuletwa nyumbani, nilisikia hatua kwenye ngazi, zikasimama mlangoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, niliusikia ukigongana na sarafu. Hakuutoa.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njia nzima.

Mlango wa jirani ulifunguka. Nadhani walishangaa, mwanaume anabisha kwake na mkate wa moto kwapani. Washangae. Nilijifunga khanga vizuri, nikafunika kichwa, nikasogea upande wa jikoni ili apate nafasi ya kupita. Kwa kweli nilijisikia mkubwa. Nilijiona mimi na kaka yangu na ukoo wote tumesimama pale ndani, na mtu wa watu anatuheshimu kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Karibu, mkwe," nikasema.

Akaingia akiangalia chini, akaweka mkate mezani, akasimama pembeni akisubiri. Mtoto nilikuwa naye mimi. Nikampa binti yangu, yeye ndiye ampe baba yake. Lakini kabla hajampa nilimwambia angoje kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo namuuliza kila mgeni, na huyu alikuwa amelala kwenye chumba nilichokichagua mimi.

"Muulize amelala vizuri?"

Binti hata hakupata nafasi ya kutafsiri. Yule kijana alinyanyua uso, akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha Ruangwa, alichokiokota kule gesti.

"Nimelala vizuri, mama."

Ndipo akapewa mtoto wake.