Safari ya Kumvunjia Kitenge Fimbo

Niliondoka Kasongo kwa hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Dereva mmoja wa kamyo ya pamba, mtu wa maneno mengi, alisimama barazani kwangu akanipongeza.

"Mwalimu Amisi, mwanafunzi wako Kitenge anakuinulia jina kule Kabambare! Iko na vijana wengi, anawafundisha mchezo wa fimbo. Sultani wao anaoza binti yake kwa watu wa Wamaza, na siku ya arusi vijana wa Kitenge watacheza na wale wa Wamaza."

Pongezi gani hizo! Kitenge alikaa kwangu masika moja tu. Na kwangu, masika ya kwanza mtu hafundishwi pigo hata moja. Anafagia uwanja, anachota maji, anajifunza salamu: namna ya kulaza fimbo chini mbele ya mwenzako, namna ya kuiokota bila kumpa mtu kisogo, namna ya kuomba radhi kwa waliokaa. Kabla hatujaingia kwenye mapigo, baba yake alifariki, akarudi kwao, sikumwona tena. Leo mtu huyo ni mwalimu! Na watu wa Wamaza hawana mzaha. Mwalimu wao, Kalonda, alikuwa askari wa Serikali, na anapiga fimbo kama anapasua kuni. Nikaona wazi kijana wa Kabambare akipasuliwa kichwa, na watu wakisema: hayo ndiyo mafundisho ya Amisi.

Kwetu mwalimu akimkataa mwanafunzi, humvunjia fimbo gotini mbele ya watu. Nikafunga fimbo zangu ndani ya mkeka.

"Unaenda kumuvunjia mutoto wa watu fimbo," mke wangu akasema, "na magoti hayo hayo?"

Nikakaza kamba ya mkeka.

Asubuhi yake nilipanda kamyo ya yule yule dereva, juu ya magunia matupu ya pamba. Aliimba njia nzima. Mbele kidogo tukakuta daraja limechukuliwa na mvua, mbao zimetawanyika majini, akatuambia kwa upole kwamba abiria wote tushuke tukaziokote. Tukaziokota. Tulipomaliza kuzipanga akazitazama, akatikisa kichwa, akageuza kamyo akarudi Kasongo. Mimi nikaendelea kwa miguu, nikimtukana kimoyomoyo, nikilala kwa wenyeji waliokuwa na mchele mzuri na mbu wengi.

Kwenye kituo cha polisi, karibu na mpaka wa Kabambare, askari aliukunjua mkeka wangu.

"Hii ni nini?"

"Fimbo, bwana."

"Fimbo zote hizi? Wewe mutu mumoja, iko na mikono ngapi?"

Serikali ya wazungu ilikuwa inaogopa watu weusi wenye fimbo nyingi, nami nilijua hivyo, nikasema haraka: "Ni za ngoma tu."

"Basi cheza."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Nikacheza pale barabarani, mtu mzima na ndevu zangu, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi wakanipigia makofi. Askari akanitazama mpaka mwisho, akasema, "Wewe si mutu wa ngoma hata kidogo. Lakini pita."

Nilifika Kabambare mchana, nina njaa ya kufa. Vijana wakatoka mbio, mmoja akaupokea mkeka wangu kwa mikono miwili, mwingine akaleta maji ya miguu. Kisha wakajipanga, na kila mmoja akalaza fimbo yake mbele yangu, akainama, akaniuliza habari za Kasongo, za mke wangu, za safari, akaiokota fimbo vizuri kabisa, akampisha mwenzake. Walikuwa wengi. Bugali na mboga ya sombe vilipoa nikiviona.

Kitenge alikuja wa mwisho, mwembamba vile vile, akapiga magoti. "Baba mwalimu."

"Nionyeshe vijana wako," nikamwambia, nikianza kula.

Wakaingia uwanjani wawili wawili. Wakasalimiana. Wakazunguka. Wakaomba radhi kwa wakubwa, wakasalimiana tena, wakaketi. Nikangoja.

"Na kupiga?"

"Kupiga bado," Kitenge akasema.

"Bado mpaka lini?"

"Mwalimu, ulinifundisha mpaka pale. Na mimi nimewafundisha mpaka pale."

Nikashika kichwa. "Basi kwa nini ulikubali kucheza na Wamaza, wewe?"

"Sultani aliniambia. Na wewe ulitufundisha, mukubwa hakataliwi."

"Siku ya arusi, mbele ya watu wote, nitakuvunjia fimbo. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu. Nikuongezee sombe?"

Siku zilizobaki nilijaribu kuwapa jambo moja tu: kukinga kichwa. Mungu wangu! Ukimgusa mmoja bega anasema ahsante. Ukimwambia akurudishie, anauliza kama sijachoka. Hata hivyo walianza kidogo kidogo kukunja uso, nikapata matumaini, na hapo ndipo mama zao wakaja kunishtaki. Msemaji wao, Mama Feza, alisimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Mwalimu, zamani huyu mutoto wangu alikuwa anapita mbele ya wakubwa kama mbuzi. Tangu Kitenge amemushika, anasalimia mpaka kuku. Sasa wewe unataka ajue kupiga. Akishajua, atapiga nani? Si sisi?"

"Mama, watampasua kichwa!"

"Basi wewe uko hapa kwa kazi gani?"

Siku ya arusi uwanja ulijaa. Kijana wa kwanza wa Kabambare alisalimu vizuri sana, na kabla hajanyooka mgongo alipigwa bega. Akasema ahsante. Watu wa Wamaza wakaangua kicheko. Wa pili, yule mtoto wa Mama Feza, alikinga kichwa kama nilivyomwonyesha, lakini fimbo ikamshukia sikioni, damu ikatoka. Mama Feza akanikazia macho mimi, si aliyempiga. Kisha Kalonda mwenyewe akaingia, akavua shati, akaita: "Mwalimu wao aje!"

Nikainuka. Nikasema moyoni, sasa ndiyo saa yenyewe, namvunjia fimbo hapa hapa, yaishe. Lakini Kitenge alinitangulia. Alikuja mpaka miguuni pangu, akapiga magoti, akainua fimbo yake juu ya viganja viwili, na watu wote wakasikia sauti yake.

"Mwalimu, hapa ndipo nilipofika. Mbele sijui."

Kwetu fimbo inayotolewa hivyo haikataliwi. Mwalimu huipokea, akaingia yeye. Nilimfundisha mwenyewe, masika ile ile! Nilikuwa nimenaswa barabara, na adabu yangu mwenyewe.

Nikaingia. Tukasalimiana na Kalonda, nikakinga pigo lake la kwanza na la pili, nikamgusa goti, Kabambare wakapiga vigelegele. Halafu mguu wangu wa kushoto ukachelewa. Fimbo yake ikaniingia ubavuni, ikaukuta na mkono wa kulia ukafa ganzi, nikakaa chini kama gunia.

Aliyeshinda ndiye humkanda aliyeshindwa kwa maji moto, ndiyo desturi. Kalonda akanikanda huku akinishauri kuhusu mguu wangu. Vijana wake walikuwa wanarukaruka na kutukana. Nikafumba macho, maana kwetu Kasongo hapo ndipo fimbo zinapoanza kuruka kwa kulipiza kisasi, na kesho yake watu wako mahakamani. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, vijana wa Kabambare walikuwa wamelaza fimbo zao zote chini, yule wa sikio akiwa mbele, wanawaaga wageni mmoja mmoja. Wale wa Wamaza wakanyamaza, hawajui watazame wapi.

Kalonda akaacha kukanda. "Hawa wamefundishwa na nani? Wangu wangekuwa wameshaua mutu."

"Muulize huyo," nikasema, nikimwonyesha Kitenge kwa kidevu.

Kitenge alikuwa bado amepiga magoti, anangoja avunjiwe. Nikaiokota fimbo yake kwa mkono wa kushoto. Kuivunja kunataka mikono miwili. Kumpa mtu ruhusa ya kufundisha, vile vile, ni mikono miwili. Mimi nilikuwa nao mmoja. Nikampa kwa huo.

"Ulisoma nusu, chukua nusu ya ruhusa. Na uje Kasongo umalize."

Wazee wakabishana kama mkono mmoja unahesabika, mpaka nyama ikaletwa.

Njia nzima ya kurudi Kitenge alinibebea mzigo na kuniambia pole kila nilipokohoa, mpaka nikamwomba anyamaze.

Tulipofika kwangu Kasongo, wanafunzi wangu walikuwa uwanjani wanapigana. Mabingwa hao, wanajua mapigo yote. "Mwalimu, tumesikia ulicheza na Kalonda. Ulimpiga?" wakauliza. Hakuna aliyeniuliza habari za ubavu wangu. Mmoja aliruka fimbo zangu zilizolala chini, akaenda kunywa maji. Nao walipita masika ya kwanza kama Kitenge, wakafagia, wakasalimu. Kumbe nilipowapa mapigo, salamu waliitupa, nami nilikuwa natazama mapigo tu, nashangilia.

Kesho yake nikakusanya fimbo zote nikazifungia ndani, nikamsimamisha Kitenge mbele yao, yeye asiyejua pigo hata moja. Nikakaa pembeni, ubavu unaniuma, nimekasirika na kila mtu.

"Na kupiga, mwalimu?" bingwa wangu akauliza.

"Kachote maji," nikamwambia.