Shimo la Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa kukimbia pekupeku vichochoroni Malindi, kwetu hawakuzikwa maiti tu. Kucha, meno, nywele za mtoto mchanga, vyote vilifukiwa uani. Bibi alituonya kwamba kitokacho mwilini kikiachwa ovyo humwita mwenyewe akifuate. Tulikuwa tukimcheka kwa siri.

Mdogo wake mama, Mwanahawa, alikuwa hapati choo. Tangu usichana tumbo lilimfunga. Akanyweshwa sanamaki, akanyweshwa mafuta ya mbarika, mpaka akapungwa pepo, wapi! Tumbo lilipovimba likawa gumu kama ngoma, mumewe alimpeleka Mombasa, na daktari wa Kizungu akampasua, akakata kipande cha utumbo.

Alirudi amekonda, lakini choo anapata. Siku ya kwanza bibi alipiga kigelegele pale pale mlangoni mwa choo, nasi watoto tukaitikia. Katika furaha ile nani angeona kwamba mama mdogo hali, hacheki, na kutwa ameugeukia ukuta? Alikuwa na swali moja tu.

"Kipande changu wamekizika wapi?"

Mumewe hakujua. Mama akamwambia, "Mshukuru Mungu, umepona."

Alasiri moja nilikwenda uani kuokota mapera. Chini ya mpera palikuwa na shimo jipya, na ndani yake mama mdogo amelala chali, amejifunika leso usoni. Nilijua amekufa. Kisha nikasikia sauti yake chini ya ile leso.

"Nifukie, mwanangu. Nusu yangu imeshatangulia."

Nilipiga ukelele ambao hata leo nikiukumbuka mwili hunisisimka. Bibi alikuja mbio, akaketi ukingoni mwa shimo. Nilidhani atamwita mganga wa pepo. Hakumwita mtu. Aliagiza bafta nyeupe, ile ya sanda, akachana kipande na kukikunja.

"Inuka, Mwanahawa. Hapo si pako, ni pa hiki."

Mama mdogo alitoka, akakilaza kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, bibi akaomba dua. Ndipo mama mdogo alipolia kilio cha msiba hasa, cha kwanza tangu arudi kutoka Mombasa. Usiku ule aliomba uji.

Sasa mimi ni mzee, na najua utumbo hauiti mtu. Yule daktari alimwokoa, sina neno naye. Kinachonishtua hadi leo ni sisi wa nyumbani, tuliomwuliza kila asubuhi kama amepata choo, basi, tukaishia hapo. Kitambaa kile kilienea kiganjani. Shimo alikuwa amelichimba la kumtosha yeye mzima, na tulifukia sote mpaka ikaadhiniwa magharibi.